Galoni na Lita: Somo la Hesabu kwa Mwenye Josho, Tangi na Mkebe wa Maziwa

Katika mashamba mengi ya Kenya vyombo ni vya zamani na dawa ni mpya. Josho lilijengwa miaka mingi iliyopita, na juu ya saruji yake au juu ya kibao cha bati pameandikwa kiasi cha maji kwa galoni. Dawa ya kuua kupe imenunuliwa dukani juzi, na kibandiko chake chasema lita na mililita. Hivi viwili havisemi lugha moja, na anayepaswa kuvipatanisha ni mkulima mwenyewe, akiwa amesimama pale na ndoo mkononi.

Akikosea hesabu hiyo, hapati habari siku ile ile. Ng'ombe huingia majini, hutoka wakidondoka, na kila mtu huenda nyumbani akidhani kazi imekwisha. Habari huja baadaye, kupe wanapoonekana wangali hai masikioni, na ndama analala chini kwa ndigana. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni la hesabu, lakini ni hesabu inayolinda zizi. Twaa kalamu na karatasi, ukae nasi.

GALONI NI NINI, NA LITA NI NINI?

Lita ni kipimo kilichoanza Ufaransa mwaka 1795. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja, na lita moja ina mililita 1,000. Chupa kubwa ya maji inayouzwa dukani mara nyingi ni ya lita moja. Ukiishika mkononi, umeshika kipimo chenyewe.

Galoni ni kipimo cha Waingereza, nao ndio walioileta katika nchi yetu. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza liliamua kwamba galoni iwe ni nafasi inayojazwa na ratili 10 za maji. Galoni hiyo ina painti 8, na ukiipima kwa lita utapata lita 4.546. Yaani galoni moja ni lita nne na nusu, na tone kidogo juu yake.

Tangu Kenya ilipohamia vipimo vya mita, kilo na lita, petroli, maziwa na dawa huuzwa kwa lita. Lakini saruji haifutiki kwa sheria. Josho la zamani, tangi la mabati, mkebe wa maziwa wa babu, na kitabu kilichoandika mazao ya ng'ombe wa zamani, vyote vingali vinasema galoni. Ndiyo sababu yatupasa kujua lugha zote mbili.

PIPA NDILO MWALIMU

Huna haja ya kubeba kichwani hesabu ya 4.546. Kumbuka pipa la chuma la mafuta, lile ambalo watu huliita pipa la galoni 44. Pipa hilo hilo huitwa pia pipa la lita 200. Majina yote mawili ni ya kweli, kwa maana galoni 44 ni lita 200.

Sasa gawanya pipa nusu: galoni 22 ni lita 100. Gawanya nusu tena: galoni 11 ni lita 50. Haya ndiyo maneno ya kushika, na ukiyashika hayo huwezi kupotea:

Galoni 11 ni lita 50.
Galoni 22 ni lita 100.
Galoni 44 ni lita 200.

(Jambo moja kabla ya kuendelea. Pipa lililowahi kutiwa dawa ya kupe au dawa ya mimea lisitumiwe kamwe kwa maji ya kunywa, ya watu wala ya mifugo, hata likioshwa mara ngapi.)

KUGEUZA GALONI KUWA LITA

Fanya hivi:

Kwanza, zidisha galoni zako kwa 4.
Pili, twaa nusu ya zile galoni zako, ujumlishe.
Tatu, katika kila 100 ya jibu ulilopata, ongeza 1.

Tujaribu na josho la galoni 3,000.

3,000 mara 4 ni 12,000.
Nusu ya 3,000 ni 1,500. Jumla ni 13,500.
Katika kila 100 ongeza 1: ni 135. Jumla ni 13,635.

Basi josho la galoni 3,000 hushika lita 13,635. Anayetumia hesabu kamili atapata 13,638. Tofauti ni lita tatu tu, nazo katika josho zima si kitu.

KUGEUZA LITA KUWA GALONI

Hapa kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu lita 100 ni galoni 22. Zidisha lita zako kwa 22, kisha gawanya kwa 100.

Tangi la plastiki la lita 5,000: 5,000 mara 22 ni 110,000. Gawanya kwa 100, ni galoni 1,100.

Njia hii ni nzuri pia kwa kukagua hesabu ya kwanza. Twaa lita 13,635 za josho letu, zidisha kwa 22, utapata 299,970. Gawanya kwa 100, ni karibu galoni 3,000. Hesabu imerudi nyumbani, kwa hiyo ni sahihi. Mtu asiyerudisha hesabu yake hajamaliza kuhesabu.

JEDWALI LA KUBANDIKA UKUTANI

Ukipenda, nakili jedwali hili, ulibandike mahali unapoweka dawa.

Galoni 1 – lita 4.5
Galoni 2 – lita 9.1
Galoni 3 – lita 13.6
Galoni 4 – lita 18.2
Galoni 5 – lita 22.7
Galoni 10 – lita 45.5
Galoni 11 – lita 50
Galoni 44 – lita 200
Galoni 100 – lita 455
Galoni 500 – lita 2,273
Galoni 1,000 – lita 4,546

Tazama mstari wa galoni 4. Debe la zamani la mafuta ya taa lilihesabiwa kuwa galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Mtungi wa plastiki wa manjano tunaochotea maji siku hizi ni wa lita 20. Kwa macho vyaonekana ndugu, lakini si sawa. Mitungi 10 ni lita 200, yaani pipa moja limejaa. Madebe 10 ni lita 182 tu. Kwa hiyo maagizo yakisema debe, usiweke mtungi. Na yakisema lita 20, usiweke debe.

MTEGO ULIO KATIKA JOSHO

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tuseme kibandiko cha dawa chako chasema: lita 1 ya dawa katika kila lita 500 za maji. (Huu ni mfano wa kujifunzia. Dawa hazifanani, siku zote fuata kibandiko cha dawa uliyo nayo mkononi.) Josho lako ni la galoni 3,000.

Mtu mwenye haraka hufanya hivi: 3,000 gawanya kwa 500, ni 6. Anamimina lita 6 za dawa, anakoroga, anafungua lango.

Je, hesabu yake ya kugawanya ni mbaya? La. Jibu ni 6 kweli. Lakini 6 hiyo ni ya nini? Aligawanya galoni, kwa hiyo alichopata ni galoni 6 za dawa, wala si lita 6. Ukitia mbuzi zizini jioni, asubuhi hutoi kondoo. Na ukitia galoni katika hesabu, hutoi lita.

Hesabu iliyo sawa ni hii. Kwanza geuza josho kuwa lita: 13,635. Kisha gawanya kwa 500: ni lita 27 na robo. Au, ukitaka kuipitia njia nyingine, twaa zile galoni 6 za dawa, uzigeuze kuwa lita: 6 mara 4 ni 24, ongeza nusu ya 6, ni 27, na katika mia ongeza moja, ni lita 27 na robo. Njia mbili, jibu moja.

Sasa linganisha. Panapotakiwa lita 27, yule mwenye haraka ameweka lita 6. Badala ya lita 1 ya dawa katika lita 500, ametia lita 1 katika lita zaidi ya 2,200. Maji yale yana harufu ya dawa na rangi ya dawa, lakini nguvu ya dawa hayana. Kupe dhaifu watakufa. Kupe wenye nguvu watabaki, nao ndio watakaotaga mayai, na watoto wao watafanana nao. Ukiendelea hivi msimu baada ya msimu, utakuwa umefuga kupe wasiosikia dawa, na jirani zako watavuna ulichopanda, kwa maana kupe hawajui mpaka wa shamba. Kupe wa kahawia wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali, na ugonjwa huo huua ng'ombe wa maziwa upesi, hasa wale wa kigeni na ndama.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtu ameambiwa josho lina lita 13,000, yeye akalichukua kuwa galoni. Atatia dawa mara nne na nusu ya kipimo. Fedha zake zimemwagika, na ng'ombe wake, wachunga wake na maji yanayotiririka karibu vyote vimo hatarini. Dawa nyingi kupita kiasi si ulinzi, ni sumu.

KABLA HUJAUAMINI UBAO WA JOSHO

Ubao wa josho husema ukweli kwa sharti mbili.

Sharti la kwanza, maji yawe yamefika kwenye alama. Galoni 3,000 ni maji yaliyofika pale kwenye mstari, si chini yake. Maji yakipungua, josho halina tena galoni 3,000, na dawa ya kujazia huhesabiwa kwa maji uliyoongeza. Soma kibandiko vizuri, kwa sababu dawa nyingi zina kipimo kimoja cha kuanza na kipimo kingine cha kujazia.

Sharti la pili, chini pasiwe na tope. Ng'ombe huingia na udongo katika kwato, na samadi pia. Tope hilo hukaa mahali pa maji. Josho lenye tope la kufika magotini haliwezi kushika maji yaliyoandikwa ubaoni, hata kama juu maji yamefika kwenye mstari.

Ikiwa ubao umefutika, au una shaka nao, nafasi nzuri ya kupima ni siku josho linapokuwa limetolewa maji na kusafishwa. Lijaze kwa pipa la lita 200 ambalo umelihakikisha, ukiweka alama kwa kila pipa. Josho la galoni 3,000 litameza mapipa 68 na kidogo. Ni kazi ya kutoka jasho, lakini hufanywa mara moja tu, kisha unapaka mstari mpya kwa rangi na kuandika lita. Kabla ya kufanya hivyo, mwite afisa wa mifugo wa kata yako, akusaidie na kukuthibitishia.

KUPIMA CHOMBO KWA MIZANI

Labda una chombo kisicho na maandishi yo yote. Ikiwa una mizani, huna shida. Pima chombo kitupu. Kijaze maji safi, ukipime tena. Toa uzito wa kwanza katika uzito wa pili. Kilo zilizobaki ndizo lita zake.

Mfano: ndoo tupu ni kilo 1; ndoo yenye maji ni kilo 14 na nusu. Zilizobaki ni kilo 13 na nusu, kwa hiyo ndoo ni ya lita 13 na nusu, yaani ni ndoo ya galoni 3. Lakini angalia: jambo hili ni la maji peke yake. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, na mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo usipime chombo kwa vitu hivyo.

MAZIWA

Mkebe wa maziwa wa zamani wa galoni 10 hushika lita 45 na nusu. Mkebe mwingi wa siku hizi ni wa lita 50. Ukiiweka miwili bega kwa bega, tofauti ni lita nne na nusu, yaani galoni nzima. Mwenye kuuza kwa mkebe bila kujua ni mkebe gani anauza gizani. Kama mkebe wako ni wa galoni 10 nawe waandika lita 50, daftari lako na la chama chako cha ushirika hayatakubaliana kamwe, na mtagombana bure na mpokeaji maziwa.

Painti nayo isikudanganye. Painti moja ni mililita 568. Pakiti ya nusu lita ni mililita 500. Painti 7 ni karibu lita 4. Painti 8 ndiyo galoni.

Na ukifungua kitabu cha zamani cha mifugo, ukasoma kwamba ng'ombe fulani alitoa galoni 600 katika mzao mmoja, usimdharau ukidhani ni lita 600. Hesabu: 600 mara 4 ni 2,400, ongeza 300, ni 2,700, ongeza 27, ni lita 2,727. Huyo ni ng'ombe mwingine kabisa.

GALONI YA MAREKANI

Hapa wengi hujikwaa. Galoni ya Marekani si galoni ya Uingereza. Waamerika walijitangazia uhuru mwaka 1776, na Waingereza walipoibadilisha galoni yao mwaka 1824, Waamerika walibaki na galoni ya kale iliyokuwa ya kupimia mvinyo. Hiyo ni ndogo: ni lita 3.785 tu. Galoni 6 za Marekani ni karibu sawa na galoni 5 za Uingereza.

Mashine, pampu na vitabu vinavyotoka Marekani hutumia galoni hii ndogo. Pampu ya mgongoni iliyoandikwa galoni 4, ikiwa imetengenezwa Marekani, hushika lita 15. Ukiihesabu kwa galoni ya Uingereza utadhani ni lita 18. Kama dawa yako ni mililita 2 kwa kila lita ya maji, wahitaji mililita 30, si mililita 36. Kwa hiyo, uonapo neno galoni juu ya chombo, uliza kwanza: limetoka wapi? Mara nyingi lita zimeandikwa pia kwa herufi ndogo pembeni. Ukiziona, fuata lita, uache galoni.

MAZOEZI

Jaribu haya bila kutazama majibu. Mwenye mtoto shuleni amwite wahesabu pamoja.

1. Tangi la mabati la galoni 800 hushika lita ngapi?
2. Kisima cha pampu hutoa lita 3,000 kwa saa. Ni galoni ngapi?
3. Josho ni la galoni 2,500. Kibandiko chasema lita 1 ya dawa kwa lita 400 za maji. Watia lita ngapi za dawa?
4. Pampu ya Marekani ya galoni 3, na dawa ya mililita 2 kwa kila lita ya maji. Watia mililita ngapi?

Majibu:

1. 3,200, ongeza 400, ongeza 36: lita 3,636.
2. 3,000 mara 22, gawanya kwa 100: galoni 660.
3. Josho ni lita 11,362. Gawanya kwa 400: lita 28 na nusu hivi.
4. Galoni 3 za Marekani ni lita 11.4 hivi: mililita 23.

Aliyepata yote manne anaweza kuaminiwa kupima dawa ya josho. Aliyekosa la tatu arudi kwenye sehemu ya mtego, aisome tena polepole, kwa sababu hilo ndilo swali litakaloulizwa na kupe wenyewe.

MAMBO YA KUFANYA MWEZI HUU

Nenda kwenye kila chombo chako, josho, tangi, pampu, ndoo na mkebe, ukiandike kwa rangi isiyofutika ni lita ngapi. Ukiwa wewe ni mmoja wa kamati ya josho la kijiji, leta jambo hili katika mkutano ujao, ubao uandikwe upya kwa lita, na galoni ziachwe chini yake kwa ajili ya wazee waliozizoea.

Kisha weka daftari josho lilipo. Kila siku ya kuogesha, andika tarehe, alama ya maji, dawa iliyotiwa, na jina la aliyepima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ng'ombe ni mali. Mwezi ambao kupe wataonekana tena, daftari hilo litawaonyesha kama kosa liko katika dawa au katika kipimo, na afisa wa mifugo atakuwa na pa kuanzia.